Ziwa la Mara ya Tano

Aliyeninyonya saa mbili asubuhi hakuwa mwanangu.

Nilijua kabla sijamaliza kukaza mkanda wa pampu. Mwanangu Arafa ana miezi kumi na minne na meno sita, na unyonyaji wake ni wa ubabe: anavuta mara tatu kwa nguvu, anatua, kisha anang'ata kidogo kuona kama mamake yuko macho. Huyu alivuta vifupi vifupi, mbio mbio, kama anaogopa kunyang'anywa. Meno hana. Akachoka, akaacha, akarudi, akaacha tena.

"We nani?" nikauliza kwa sauti, peke yangu chumbani.

Ningejibiwa na nani? Kituo hiki kina watu wawili, mimi na Daktari Nyaboke, na saa ile daktari alikuwa upande wa pili akihangaika na mashine yake ya kukimbilia.

Pampu yangu si ya kukamua tu. Imeunganishwa na ziwa bandia lililoko nyumbani kwetu Limbani, mjini Wete: titi la mpira laini, lenye joto la mwili. Mtoto akilivuta kule Pemba, pampu inanivuta mimi huku Mwezini, vilevile alivyovuta yeye, ikichelewa sekunde moja na kitu. Kinachoingia mdomoni mwake ni maziwa yangu ya wiki iliyopita, yaliyokaushwa yakawa unga na kushushwa kwa mzinga wa mizigo. Kinachotoka kwangu ni chakula cha wiki ijayo. Ila mvuto ni wa saa ileile. Kwa miezi kumi na moja huo ndio mguso pekee nilioupata kwa mwanangu. Picha zipo, sikatai, lakini picha haikushiki.

Nilikuja hapa kwa siku arobaini. Tanuru la kuyeyushia barafu lilikwama, na fundi aliyelijua ni mimi. Arafa alikuwa na miezi mitatu. Siku arobaini tu, Mize, wakaniapia. Siku ya thelathini na tano chombo cha kurudishia watu kikaonekana kina ufa, na kimeegeshwa tu, hakuna aliyekigusa! Mzinga wa mizigo nao hauchukui mtu. Ukirushwa kwa mzinga ule unafika uji. Basi nikawa naletewa chakula na ahadi. Sasa chombo kipya kilikuwa njiani, zimebaki siku kumi na tisa, na mimi nguo zangu nimeshazikunja mara nne.

Saa nne yule mgeni akarudi. Saa sita tena. Saa nane tena. Kila mara alivuta mpaka akashiba, nikausikia mdomo ukilegea taratibu. Nikajiambia labda Arafa anaumwa fizi. Mtu akiwa mbali hujitungia sababu za kila namna.

Saa kumi alasiri Arafa akarudi. Tatu, tuo, ng'ato. Tatu, tuo, ng'ato. Nikashusha pumzi. Kisha, sijui nini kilichonishika, nikaanza kuhesabu. Kila ng'ato ilikuja sekunde ya tisa. Haizidi wala haipungui. Nikahesabu dakika nzima, nikahesabu nyingine.

Mtoto gani ananyonya kama saa ya ukutani?

*

Nikampigia wifi yangu Sikitu, dada wa mume wangu, ambaye ndiye anayenilelea. Mume wangu Khatibu yuko Mafia kwenye mashamba ya mwani. Huja nyumbani Ijumaa.

Kioo kikawaka. Sikitu alikuwa amekaa kibarazani, kanga begani, na kwenye mkeka mbele yake alikuwa Arafa na sahani. Mwanangu alikuwa anakula wali. Mashavu yamejaa, punje zimemganda mpaka nyusini. Na kifuani pangu pampu ilikuwa inavuta: tatu, tuo, ng'ato.

"Wifi," nikasema, "Arafa yuko wapi?"

Maneno yanakwenda na jibu linarudi kwa sekunde mbili na nusu. Watu wa chini hawazijui sekunde hizo, wao huona tu kwamba umenyamaza kidogo. Mimi huziishi zote.

"Si huyu hapa, anakula."

"Anakula nini?"

"Wali na changu wa kuchoma. Siku hizi anakula huyo, usiseme!"

"Na anayeninyonya sasa hivi ni nani?"

Nikaziona sekunde zikipita usoni mwake. Kwanza hakusikia. Kisha alisikia. Akaitazama mashine iliyokuwa nyuma yake kwenye kiti, ziwa bandia linapumua peke yake, hakuna mdomo. Akajifunika uso kwa kanga.

"Nisamehe, Mize. Nisamehe wifi yangu."

"Tangu lini?"

"Ana siku ishirini na tatu. Alilisukuma. Nikamrudishia, akalisukuma tena akasema 'basi'. Neno lake la kwanza la kueleweka, wifi, 'basi'. Nikasema, nikimwambia Mize, naye yuko huko peke yake, si atakufa mtu? Mashine ilikuwa imehifadhi unyonyaji wake wa zamani. Nikaubonyeza urudie."

"Siku gani?"

"Jumatatu."

"Asubuhi au jioni?"

"Ah, wifi, sikumbuki."

Hapo ndipo paliponiuma. Uongo ningeumeza, nimemjua Sikitu miaka tisa na uongo wake wote ni wa huruma. Lakini mara ya mwisho mwanangu aliponinyonya ilipita, na hapana mtu duniani aliyeiangalia. Mimi siku hiyo huenda nilikuwa nasoma vipimo vya tanuru huku napiga miayo. Nikazima pampu. Ikakata katikati ya tuo.

"Na maziwa yangu ya siku zote hizo?"

"Unga haukai zaidi ya siku kumi, wajua mwenyewe. Jaani nisingethubutu kuyatupa. Nimeyamwaga penye shina la mlimau."

"Mlimau umestawi?"

Akanichungulia kwa jicho moja juu ya kanga. "Umetoa maua."

Nikacheka, na kicheko hakikuwa kizuri. "Mifupa yangu hiyo, Sikitu. Umeumwagia mlimau mifupa yangu."

Hakuelewa, na sikuwa na moyo wa kumweleza. Nikauliza lililokuwa limebaki. "Na wa leo, yule asiye na meno?"

Sikitu akageuka akaita. Akatokea Bi Msimu, jirani yetu wa nyumba ya pili, mama wa Raya. Nilijua kwamba Raya amefariki. Homa ya siku tatu, wiki moja nyuma. Nilituma rambirambi kwa maandishi, nikarudi kwenye tanuru langu. Sikufikiri kwamba ameacha mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa mikononi mwa bibi yake, miezi minne na siku ishirini, anaitwa Mkejina, na uso wake ulikuwa mdogo kuliko kofia aliyovalishwa.

Sikitu ndiye aliyesema. Raya alikuwa akinyonyesha mwenyewe, peke yake mtaa mzima. Wengine wote wameshazoea maziwa ya tangi yanayotengenezwa kiwandani. Mwanamke wa kunyonyesha siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi. Mkejina alipopewa maziwa ya tangi alivimba midomo na kutapika. Ya mbuzi, vilevile. Hospitali wamemwandikia maziwa ya wachangiaji, na foleni yake ni ya miezi miwili.

"Jana alikuwa halii tena," Sikitu alisema. "Analegea tu. Leo asubuhi nikamchukua nikamweka kwako. Nimempa mara nne, wifi. Mara nne zote zimekaa tumboni."

"Na saa kumi?"

"Ya tano sikumpa."

Akaivuta kofia ya mtoto, akaiweka sawa.

Kwa wasiojua mambo yetu: mtoto aliye chini ya miaka miwili akinyonya mara tano za kushiba kwa mwanamke, anakuwa mwanawe. Si kwa maneno ya kupendezesha, ni kweli. Watoto wake ni ndugu zake; nikizaa mvulana kesho hawezi kumwoa. Mbele ya mume wangu atavua shela, mimi atanizika. Na haijalishi maziwa yamepita kwenye titi la nyama au la mpira. Mara nne ni huruma. Ya tano ni uzazi.

"Nne nimekuibia," Sikitu alisema. "Ya tano siwezi kukuibia. Ni yako."

"Kaka yako kasema nini?"

"Kasema ziwa ni lako."

Bi Msimu hakuniomba. Laiti angeniomba ningepata pa kukasirikia. Alimsogeza tu mtoto karibu na kioo, akasema, "Mwanangu Mize, mimi nakuonesha. Basi."

Na Arafa, kwenye mkeka, akalinyooshea kidole lile ziwa la mpira akasema, "Mama."

*

Daktari Nyaboke ni Mkisii, mpole kwa mwili na mkali kwa hesabu. Nilimkuta akifuta jasho.

"Mama Arafa, hata usikae," alisema aliponiona uso. "Nilikuwa nakutafuta. Vipimo vyako vimetoka."

Akanionesha. Mifupa ya mtu hulegea hapa kwa sababu haina cha kubeba. Ya mtu anayetoa maziwa hulegea mara mbili, kwani chokaa yote inayokwenda kwa mtoto inatoka kwenye nyonga na uti wa mgongo. Chombo kikiingia hewani kushuka duniani, mtu hubanwa kwa uzito wake mara tano. Mstari wa kuruhusiwa kupanda chombo ni uimara wa mifupa wa asilimia sabini na tano.

"Wewe uko sabini na moja. Ukiacha kukamua leo, na dawa nikupe leo, siku kumi na tisa zinakufikisha sabini na tano. Kwa kubahatisha, lakini unafika. Ukiendelea hata wiki moja, hufiki."

"Na kinachofuata?"

"Miezi saba. Na mimi hiki napanda, Mize, wajua. Hakuna daktari anayekuja. Utabaki na kituo."

Nikamweleza yote, pale pale nimesimama: wali, mlimau, Mkejina, mara nne. Alisikiza bila kunikatiza. Daktari Nyaboke ana wana watatu Kisii, na wa mwisho alimwacha darasa la kwanza.

"Huyo mtoto anahitaji muda gani?" aliuliza.

"Miezi sita wataanza kumpa uji. Siku arobaini kutoka leo."

Akatazama chini. Namba hiyo ananijua nayo.

"Na ukimpa hiyo moja tu, ya tano, kisha uache?"

"Nimfanye mwanangu kisha nimnyime?"

"Basi usimpe. Sikiza, sikulazimishi, nasema kama daktari wako. Una mtoto aliyetoka tumboni mwako. Maziwa hataki tena, ni kweli. Anakutaka wewe. Ukikosa chombo hiki atakukuta akiwa na mwaka na miezi tisa, na anaita mpira mama."

Nilimchukia kwa kusema hivyo, kwa sababu nilikuwa nimeshajisemea mwenyewe njia nzima.

Nikaenda kukaa penye dirisha la barafu, lile linalotazama machimbo yetu. Hapa nchani mwa Mwezi jua halichwi. Linazunguka tu ukingoni, na dunia nayo inachungulia hapo hapo, haipandi haishuki. Nimewahi kukaa pale saa nyingi nikibahatisha Pemba iko wapi chini ya mawingu. Siku ile sikuitafuta. Nilikaa nikajiuliza maswali ya mtu mwenye hasira. Kwa nini mimi? Mtaa mzima una matiti, kwa nini yangu tu, yaliyo mbali kuliko yote? Kwa nini Raya hakungoja siku ishirini zaidi? Yarabi nisamehe, hilo nililiwaza, nami siku hiyo sikuwa malaika.

Nilimtaka Arafa. Sijui niseme vipi ieleweke. Nilitaka kumnusa shingoni. Nilitaka anikimbie siku ya kwanza, ya pili anichungulie, ya tatu aje mwenyewe. Nimeifikiri ile siku ya tatu mpaka imechakaa.

Nikarudi tena kwenye mlimau. Siku ishirini na tatu nimefunga mkanda ule mara tano kwa siku, nimetoa chokaa ya mgongo wangu nikiamini kuna mdomo, na kumbe nalisha mti. Mifupa iliyonikosesha raha ya kupanda chombo bila wasiwasi iko pale uani, imetoa maua. Nimeweza siku ishirini na tatu kwa mlimau. Nishindwe arobaini kwa mtu?

Nililia kwanza. Hapa machozi hayana haraka, yanajikusanya jichoni mpaka uyafute kwa mkono.

*

"Mpe," nikamwambia Sikitu.

"Wifi, una hakika?"

"Mpe kabla sijageuza nia."

Nikakaza mkanda. Vifupi vifupi, mbio mbio. Hakujua kwamba mlango umefunguliwa. Alikuja kama mwizi vilevile. Kisha akapunguza. Mvuto ukawa mrefu, ukatulia, ukawa wa mtu anayekaa kwao. Bi Msimu alikuwa akisema kitu chini kwa chini, na Sikitu alikuwa analia tena, na mimi nilitazama ukuta kwa sababu nikimtazama mtoto ningemwona aliye nyuma yake, anachezea kijiko.

"Siku arobaini, Bi Msimu," nikasema alipoachia. "Si zaidi. Ikifika mpeni uji wa mtama, uwe mwepesi."

"Nimekusikia, mwanangu. Mama Mkejina."

"Na wewe Sikitu, ukinifanyia tena ujanja wa mashine nitakuja huko kwa mzinga wa mizigo, nifike uji, unizoe kwa kijiko."

Ndipo wakacheka wote wawili.

Chombo kilikuja siku yake. Daktari Nyaboke alinishika mkono muda mrefu, akaniachia dawa zimepangwa kwa wiki, na majani yake ya chai yaliyobaki. Nilikitazama kikiondoka kupitia dirisha la barafu. Hakikupiga kelele, hapa hakuna cha kupiga kelele. Nikarudi ndani, na kwa mara ya kwanza nikausikia mlango ukijifunga nyuma yangu na hakuna mtu mwingine wa kuufungua. Nguo zangu nikazikunjua.

Siku zile sikuzungumza ila na pampu. Mkejina alinenepa. Nilimjua kwa mvuto kabla sijamwona kwenye kioo: wiki ya tatu akaacha uoga, wiki ya nne akaanza kucheza, anavuta, anaachia, anangoja nimkumbuke. Nilimpenda, na nilimwonea wivu kwa niaba ya mwanangu. Yote mawili kwa pamoja, kwenye titi hilo hilo. Kati ya kunyonya na kunyonya nilikuwa napika chai ya Nyaboke na kumimina vikombe viwili, kisha nakunywa vyote.

Siku ya arobaini ilikuwa Jumapili. Asubuhi alikula uji wake wa kwanza, akautema, akaula. Saa kumi alasiri tukakubaliana iwe ya mwisho. Nilimwambia Sikitu aache kioo wazi. Mkejina alivuta kwa uvivu, ameshiba mtama, na katikati akalala. Sikitu akamtoa polepole.

"Yameisha, mwanangu," nikasema. "Yameisha."

Kioo kikazimika. Nikakaa na mkanda kifuani, sijaufungua. Sijui nilikuwa nangoja nini. Mkono ulikuwa umeshika kifungo.

Pampu ikavuta.

Tatu. Tuo. Ng'ato.

Damu ilinipanda kichwani. "Sikitu!" Nikabonyeza kioo nusura nikivunje. "Sikitu, nilikwambia nini wewe? Nilikwambia nini?"

Sekunde mbili na nusu. Kioo kikawaka, na Sikitu alikuwa amesimama kando kabisa, mikono yote miwili juu.

"Sijagusa kitu, wifi! Wallahi sijagusa! Kamwona mwenzake kaondolewa, kaja mbio kalinyakua!"

Na Arafa alikuwa kwenye mkeka, ameliparamia lile ziwa kwa mikono miwili, amempa mgongo Mkejina aliyelala, jicho moja linamlinda asije akaamka akadai. Alikuwa ananyonya kwa ubishi mtupu. Tatu, tuo. Nikangoja sekunde ya tisa, haikuja. Ikapita ya kumi, ya kumi na moja, akili yake imekwenda kwa kuku uani. Kisha akanikumbuka, akang'ata, na meno yamekuwa kumi, akanitoa machozi.

"Nimtoe?" Sikitu akauliza.

"Ukimgusa nitakulaani."

Nikashika mkanda kwa mikono yote miwili. Nikamtazama kope zake, na ukoko wa uji alioiba kwa mwenzake, na kisigino kinachopiga mkeka. Sikufanya jambo lingine lolote. Tanuru lililia mahali fulani, nikaliacha lilie. Alivuta, akatua, akavuta, akatua zaidi. Halafu akaachia, akajifuta mdomo kwa kiganja, akatazama moja kwa moja kwenye kioo.

"Basi," akasema.

"Haya mwanangu," nikasema. "Basi."

Akaondoka kumfuata kuku. Sikitu alikuwa bado amesimama, hajui ashushe mikono au la.

"Wifi," nikamwambia, "una kalamu hapo?"

"Ya nini?"

"Andika. Jumapili, saa kumi na robo alasiri."